Sawa mpwa, mkanda utausafishia wapi?

Wiki mbili zimepita mpwa wangu aliyeko chuo Dar kanitumia picha WhatsApp. Kamera, Pentax K1000, imelazwa juu ya kitenge ka mtoto wa siku saba, na chini kaandika shikamoo mjomba, nichukue hii ya mkanda wa filamu au nijibane nitafute ya dijitali, jamaa anataka laki mbili na nusu na anasema kuna mtu mwingine anaiulizia. Nikamjibu marahaba, kwanza huyo mtu mwingine namjua, yupo siku zote, nimeuziwa baskeli na yeye, redio na yeye, nusura niuziwe na kiwanja huko Sahare. Pili nipe muda nifikirie.

Sa nimefikiria na jibu limekuwa refu, afu sio la kwake peke yake, maana kila mwezi hapa Tanga napata kijana mmoja wawili wananiuliza hilohilo, wameona picha za mkanda kule Instagram zina rangi ya kipekeepekee, wameona bibi zao kwenye albamu wamependeza kuliko wao kwenye simu, wanadhani siri ni kamera. Na mimi huwa nauliza swali moja tu, mkanda utausafishia wapi? Hapo ndo huwa kimya.

Niseme ukweli, mi mwenyewe leo hii simjui mtu Tanga ambaye naweza kumpelekea mkanda wa rangi asubuhi jioni nikachukua picha. Simjui. Miaka ile ukitoka Barabara ya Kwanza unapandisha Ngamiani ulikuwa unapita studio ka unavopita sasa vibanda vya miamala, na mkanda ukiacha saa nne saa kumi unakuta bahasha imeshaandikwa jina lako. Watu wengi wanadhani zile mashine zilikufa taratibu, kidogokidogo, ka mzee anavozeeka. Hapana bana. Zilikufa ghafla na sababu yake ni ya kiufundi, sio mapenzi ya wateja peke yake.

Iko hivi. Dawa ya kusafishia mkanda wa rangi, ile wanaita C-41, inataka joto la nyuzi 37.8, sawasawa na mtu mwenye kahoma kadogo, na mkanda unakaa kwenye dawa ya kwanza dakika tatu na sekunde 15, ukizidisha rangi zinaharibika ukipunguza zinaharibika. Afu dawa yenyewe ikikaa inakutana na hewa inachoka. Kinachoifanya mashine iende vizuri ni mikanda mingi kupita kila siku, maana kila mkanda unaopita mashine inajiongezea dawa mpya kidogo, kwa hiyo dawa inakuwa mbichi muda wote. Sa wateja wakipungua nusu, mwenye mashine hapotezi nusu ya faida, anapoteza ubora wa kazi yote, picha zinaanza kutoka za kijani, wale waliobaki wanakasirika nao wanahama, na mwezi unaofuata mashine imefunikwa shuka. Ndo maana mwaka huu ilikuwepo na mwaka unaofuata ukipita hapo unakuta wanauza vocha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ipi kali kati ya mkanda na dijitali naona swali limekatwa mkia. Kamera ni kichwa tu cha kitu kirefu. Nyuma yake kuna mwenye kuuza mkanda, kuna dawa, kuna karatasi, kuna fundi wa shata, lile pazia la ndani linalofunguka ukibonyeza, kuna betri, na kwa dijitali kuna memori kadi, laptopu, umeme wa kuchajia, eksteno ya kutunzia. Kamera inaweza kuwa nzima kabisa ikakufia mkononi kwa sababu kitu cha tano huko nyuma kimeondoka sokoni.

Na hata hao wakubwa walikufia hapohapo. Kila mhamasishaji wa bongo ana ile hadithi ya Kodak, kampuni ya mikanda ya Marekani, kwamba walilala, kwamba waliidharau dijitali. Hadithi nzuri ila imenyooshwa sana. Injinia wa Kodak mwenyewe, Steven Sasson, ndo alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, kitu cha kilo tatu na nusu hivi, picha nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000 tu, ikichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kaseti ileile ya kusikilizia taarabu. Na baadae Kodak walikuja kuuza kamera za dijitali nyingi tu, katikati ya miaka ya 2000 walikuwa mstari wa mbele kabisa soko la Marekani. Shida yao ni kwamba ulaji wao haukuwa kwenye kamera, ulikuwa kwenye mkanda, dawa na karatasi, vitu ambavyo mteja anarudi kununua kila wiki. Ukimuuzia mtu kamera ya dijitali umemuuzia mara moja harudi tena. Walijua wanakoelekea ila huwezi kuukata mkono unaokulisha ukawa unacheka, na Januari 2012 wakaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi.

Afu cha kuchekesha, hizo kamera ndogo za dijitali zilizomuua mzee nazo hazikukaa. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji kamera wa Japani, mwaka 2010 walipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika hata milioni 9. Simu ndo zilifanya hiyo kazi. Mkanda wa milimita 35 ulitawala miongo mingi kabla ya kuondoka, kamera ndogo ya dijitali ya mfukoni haikumaliza hata miaka 20 ya kutamba. Kwa hiyo unaponiambia mjomba mkanda umepitwa na wakati, nakubali, ila usije ukadhani hicho kingine kimekaa kwenye mwamba.

Ngoja nirudi harusini maana huko ndo nimesomea. Nimeanza kupiga harusi hapa Tanga 1996 na Zenit ya kuazima, ile ya Mrusi, nzito unaweza kufungia mlango, baadae nikapata Canon AE-1 yangu na lenzi moja ya milimita 50. Harusi moja ni mikanda mitatu, picha 108, basi. Humo kuna nikahi, kuna kumtoa bi harusi ndani, kuna mashangazi saba na kila shangazi anataka picha ya peke yake na bi harusi afu ya pamoja afu na watoto wake. Sa mkanda ukiisha saa mbili usiku na maduka yamefungwa utafanyaje? Wenzangu wa zamani wanajua. Tulikuwa tunapiga flashi hewa. Unawasogeza mashangazi, unawaambia kidevu juu kidogo dada, flashi inawaka pwaa, wanacheka wanaondoka wamefurahi, na ndani ya kamera hamna kitu. Wiki inayofuata unasema mkanda uliungua. Allah atusamehe, nusu ya mikanda iliyoungua Tanga miaka ya tisini haikuwahi kuwepo.

Nimesema hilo kwa sababu vijana siku hizi wanaipamba sana mikanda, wanasema inakufundisha subira, inakufanya ufikirie kabla ya kubonyeza. Ni kweli ilitufanya tufikirie, ila tulichokuwa tunafikiria ni hela.

Na hela ndo hesabu ngumu zaidi saivi. Huko nje mkanda mmoja wa rangi wa picha 36 unacheza kwenye dola 10, kusafisha na kuskani nako kama hiyohiyo au zaidi, tuseme jumla dola 20 ukiwa na bahati, hapo bado kusafirisha. Gawa kwa 36, ni zaidi ya nusu dola kila ukibonyeza, yani zaidi ya shilingi elfu moja, ni ka vile kila ukibonyeza unatupa mshikaki baharini. Harusi ya leo mteja anategemea picha 1,500 na anazitaka keshokutwa, hiyo ni mikanda 41 na chenji. Nani atalipa? Nikon D90 yangu ya mkono wa pili niliyonunua 2011 shata yake kiwandani ilipimwa kwa mibonyezo 100,000, ukiibadilisha kuwa mikanda ni 2,777. Hakuna mpiga picha wa Chumbageni wala Makorora angeweza kununua mikanda 2,777 maisha yake yote. Kwenye kazi ya kulipwa ubishi umeisha na umeisha zamani, anayetaka kula kwa kamera anunue dijitali tusipotezeane muda.

Ila kuna jambo moja la mkanda ambalo sio urembo, nalikumbuka kila nikipiga harusi ya mchana pale Raskazone. Bwana harusi kanzu nyeupe, bi harusi shela jeupe, jua la saa nane linadunda kwenye maji, na ngozi zetu hizi. Negativu ya rangi, yani mkanda ukishasafishwa, ilikuwa inasamehe mwanga ukizidi, unaweza kupitiliza stopu moja mbili, kila stopu ni mwanga mara mbili, na kanzu bado ina mikunjo yake na darizi ya kifuani unaiona. Dijitali ni kinyume. Mwanga ukizidi kanzu inakuwa karatasi tupu, hakuna programu itakayokurudishia, kilichopotea kimepotea, lakini kwenye giza inasamehe sana, unaweza kuinua vivuli vya uso ukapata kila kitu. Kwa hiyo sisi tuliotoka kwenye mkanda tulipohamia tuliharibu harusi nyingi kwa sababu mkono ulishazoea kuongeza mwanga kidogo kwa usalama, mpaka tukajifunza kupima kwenye kanzu kwanza uso baadae. Hakuna aliyetufundisha. Tulijifunza kwa lawama za mama wa bwana harusi.

Na msiniambie rangi za mkanda zilikuwa zinatupenda kuliko dijitali. Mikanda ile na mashine zake zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, wenyewe wakiiita Shirley, yeye akitoka vizuri basi mashine imekaa sawa. Sisi tukikaa naye picha moja yeye anatoka mtu mzima na sisi tunatoka meno. Kilichowafanya Kodak waanze kurekebisha rangi za kahawia, kwa inavosimuliwa na watafiti wa hayo mambo, sio malalamiko yetu, ni malalamiko ya wenye kampuni za fanicha na chokoleti waliokuwa hawaoni tofauti ya mbao na mbao, chokoleti na chokoleti. Hapo nilicheka peke yangu nikaacha kucheka. Mpaka 2021 Google wanatangaza kwamba simu zao zimefundishwa ngozi nyeusi, ujue tatizo lilihama nalo kutoka kwenye mkanda likaingia kwenye sensa, kile kidude kinachoshika picha ndani ya kamera ya dijitali, na sasa kwenye programu.

Sasa kutunza, hapa ndo pazito na hapa ndo nataka mpwa asome mara mbili.

Mwaka 2019 alikuja dada mmoja nyumbani, nilimpigia harusi 2013, baba yake kafariki wiki ile, anataka picha waliyopiga na baba siku ile anamkabidhi. Najua niliipiga. Nakumbuka hata mzee alivokuwa ameshika fimbo. Picha zote za mwaka ule zilikuwa kwenye eksteno moja, na ile eksteno ilianza kulia ka panya siku moja ikanyamaza, harusi nne humo ndani, fundi wa kwanza akasema haifai, wa pili akataka hela ambayo sikuwa nayo. Ye sidii yake niliyompa ilikuwa imetoka madoa, haisomi. Kilichobaki ilikuwa picha moja ya WhatsApp ambayo shangazi yake aliihifadhi, imetumwa ikatumwa tena ikabanwa mara sijui ngapi, uso wa mzee umekuwa vijiboksi. Nilimsafishia hiyohiyo, tukaiweka kwenye fremu. Alishukuru. Mi sikulala vizuri.

Kwenye bati la biskuti hapo juu ya kabati nina negativu za 1998 ambazo nikizishika juu ya taa naona watu wote na majina yao nayakumbuka. Na hiyo sio kitu. Yule Mjerumani Walther Dobbertin aliyekuwa anapiga picha huku kwetu enzi za ukoloni wa Kijerumani, mpaka vita vya kwanza, picha zake zipo leo kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani na zinaonekana safi, zaidi ya miaka 100. Ng'ambo hapo Unguja watu bado wananunua picha za zamani za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio 1930, kwa sababu negativu zilibaki. Negativu haiulizi programu gani, haiombi nywila, inataka mwanga na jicho tu.

Ungedhani basi hapo nampigia mkanda kura. Hapana, maana lile bati la biskuti ni waliosalimika. Yalikuwa mabati manne. Mvua za El Nino za 1997 kuingia 1998 paa la chumba changu lilivuja, negativu zikagandana zikawa tofali moja, ukibandua picha inabaki upande wa pili. Afu ile ngozi laini ya juu ya mkanda inayoshika picha ni jelatini, inatokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, yani ni chakula, na Tanga hii yenye joto na unyevu wa bahari mwaka mzima fangasi na mende wanaijua ladha yake. Picha za rangi nazo zinafifia hata ukizifungia, nyekundu inabaki bluu inaondoka, si mmeona albamu za miaka ya themanini watu wote wamekuwa ka wametoka kuoga mtope. Nyeusi na nyeupe ikisafishwa vizuri ndo inakaa, kwa sababu ile ni fedha, madini, sio rangi ya kemikali.

Na dijitali ina sifa moja ambayo mkanda hauna hata kwa dawa, kwamba nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza. Negativu ukiitolea nakala inapoteza. Faili halipotezi kitu. Wenye kazi zao wana kanuni ya nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae mji mwingine. Sisi tunayo nakala moja kwenye simu iliyopasuka kioo. Kwa hiyo ile picha ya mzee na fimbo haikuuliwa na dijitali, iliuliwa na mimi niliyeshindwa kununua eksteno ya pili ya shilingi ambazo mwezi uleule nilizitoa kwa flashi mpya. Naandika hivi ili nisije nikaonekana namlaumu mtu.

Mtu atasema haya mjomba, tumekuelewa, basi DSLR, ile dijitali ya kubadilisha lenzi yenye kioo ndani, tumalize. Ngoja, na hapo pana mtego mwingine na mimi umeshanibana mara moja.

Ile AE-1 yangu lenzi yake ilikuwa ya maunti ya FD. Maunti ni ule mdomo wa kamera unapofungia lenzi. Canon walikuwa na FD tangu 1971, watu wamejaza makabati, 1987 wakaleta mdomo mpya wa EF na FD haikuingia humo. Sio kwamba walinyima tu, kifizikia haikai, lenzi ya FD inataka kukaa milimita 42 kutoka kwenye mkanda na ule mdomo mpya uko milimita 44, kwa hiyo hata ukiweka adapta haioni mbali mpaka uweke na kioo cha ziada kinachoharibu picha. Nilipokuja kuhamia dijitali lenzi yangu haikuwa na thamani, ndo nikaenda Nikon moja kwa moja, maana hao mdomo wao wa F wa 1959 walikuwa wanauendeleza tu.

Sa angalia, 2018 Nikon wakaleta mdomo mpya wa Z na Canon wakaleta RF, mwaka mmoja, kwa ajili ya hizi mirolesi zisizo na kile kioo kinachorukaruka ndani. Na 2021 mkuu wa Canon akakubali kwamba 1D X Mark III ndo DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu. Yani DSLR, ile tuliyoikimbilia tukiuponda mkanda, sasa hivi ndo iko kwenye foleni ileile ya kwenda kufunikwa shuka. Wenye harusi kubwa Dar wanauza bodi zao za DSLR, yani kamera yenyewe bila lenzi, wanakimbilia mirolesi, na kila wakikimbia bei ya zile za zamani inashuka.

Na hapa ndo mambo yanageuka kwa namna ambayo sikuitegemea. Mirolesi kwa kuwa imetoa kioo, sensa imesogea mbele karibu kabisa na mdomo, Sony ni milimita 18 tu. Ile nafasi iliyobaki adapta ya bomba tupu, chuma tu hakuna kioo cha ziada, inatosha kuweka karibu lenzi yoyote ya zamani. Mwaka jana rafiki yangu kaja na Sony yake kutoka Arusha, tukatoa ile FD ya milimita 50 kwenye mfuko wa nailoni na silika jeli zake, tukaifunga, tukaenda nayo soko la samaki la Deep Sea alfajiri mashua zinaingia. Lenzi imelala zaidi ya miaka kumi. Unazungusha fokasi kwa mkono, hakuna otomatiki, na picha zilitoka na ule ulaini ambao vijana wanautafuta kwenye mkanda. Mi nashuku nusu ya kile wanachokiita rangi ya mkanda ni lenzi ya zamani na mtu aliyekosea mwanga kidogo.

Kwa hiyo tabia ya hivi vitu nimeiona hivi, bodi inakufa upesi kuliko vyote na ndo inatutoa macho, lenzi inakufa na kufufuka, na picha iliyochapwa kwenye karatasi ikatundikwa ukutani kwa mama mkwe inawazika wote. Pesa zetu tunazipanga kinyume cha hapo, laki nane bodi, laki moja lenzi, karatasi sifuri.

Haya mpwa wangu, kwako sasa.

Kama unataka kamera ikulipie ada, iache hiyo Pentax. Tafuta DSLR ya mkono wa pili kwa hao wanaokimbia, bodi ya miaka kumi yenye shata haijachoka, uliza idadi ya mibonyezo na ukatae kuambiwa "haijatumika sana", na lenzi moja ya milimita 50 au 35, imulike na tochi uangalie kama kuna utando ka wa buibui ndani, huo ni fangasi, kwa kamera iliyokaa pwani usiruke hiyo hatua hata muuzaji akinuna. Mirolesi itakuja yenyewe ikishuka bei, na lenzi za EF na F zinaingia kule kwa adapta, hupotezi.

Kama unaitaka K1000 kwa mapenzi, sikukatazi. Ni kamera ya heshima, wameitengeneza kuanzia 1976 mpaka 1997, betri ni ya kipima mwanga tu, betri ikifa inaendelea kupiga, haina kitu cha kisasa cha kuharibika. Ila laki mbili na nusu mwambie laki na nusu, na mwambie afungue mgongo ubonyeze kila spidi uone pazia linavokimbia. Na usinunue mikanda ya rangi. Nunua ya nyeusi na nyeupe usafishe mwenyewe, hapo ndo unakuwa na jibu la swali langu. Unataka tangi la kusafishia, begi jeusi la kubadilishia, dawa mbili tatu na saa. Ukiletewa mikanda na mtu wa ndege mwambie aombe ikaguliwe kwa mkono, zile mashine mpya za kuskania mabegi zinaunguza mkanda.

Ila kuna kitu kimoja cha Tanga. Dawa hizo vitabu vyake vimeandikwa na watu wa baridi, kipimo ni nyuzi 20. Mkanda wa Ilford HP5 kwenye dawa ya ID-11 ni dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Sa wapi Tanga utapata maji ya nyuzi 20? Bomba la kwangu mwezi wa pili linatoa maji ya kuogea mtoto. Ukisafisha kwa maji hayo bila kupunguza muda mkanda unapika, unatoka mweusi wenye chengachenga ka mchele wa mapumba. Tulikuwa tunatumia ndoo ya barafu, tangi ndani, kipimajoto mkononi, unavizia ishuke uwahi, na ukichelewa inapitiliza inakuwa baridi mno unaanza kutia maji ya moto. Kichekesho cha dunia ni kwamba dawa ya rangi inayotaka nyuzi 37.8 ndo inayotufaa kwa hali ya hewa, na ndo hiyo haipo.

Nilimtumia haya yote usiku wa juzi kwa vipande, kimoja baada ya kingine, tiki mbili za bluu zinawaka hakuna jibu. Asubuhi nakuta kaandika.

"Mjomba nimelipa. Laki na sabini. Ivi ile barafu ni ya maji ya kuchemsha au ya bomba tu?"

Ya bomba tu, mpwa. Hunywi wewe, unywaji ni wa mkanda.